Toni Inayolala kwa Jirani

Wadogo zangu mnaoanza Kichina mwaka huu, wengine darasani, wengine kwa simu tu, nimeombwa niwaandikie kama mstaafu. Hapa Somanda, mkoani Simiyu, neno hilo linachekesha, maana sina mvi hata moja, na kiinua mgongo changu ni duka la spea za pikipiki. Lakini kazi yangu ya lugha ilikwisha kweli. Kambi ya wajenzi wa barabara ilifungwa. Mwalimu niliyemsaidia utafiti alirudi kwao na sauti alizorekodi. Na watu waliokuwa wakiniita kuwatafsiria, siku hizi wanainua simu mbele ya mdomo wa Mchina na simu inaongea yenyewe. Mtu ambaye kazi yake imeondoka kabla yake ni nani, kama si mstaafu?

Nianze na mbuzi, ili mjue anayewashauri ni mtu wa namna gani.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na cheti cha Kichina, kichwa juu. Mzee mmoja alikuja kambini akivuta mbuzi kwa kamba, akaniambia, "Mwambie msimamizi nauza." Kwa Kichina kuuza na kununua ni silabi moja, *mai*. Ukiishusha sauti kwa nguvu, unauza. Ukiizamisha chini kisha ukainua kidogo, unanunua. Mimi nikaizamisha. Msimamizi, ambaye alikuwa akitafuta mbuzi wa sikukuu, akatikisa kichwa kwa huruma: "Na mimi pia." Nikamgeukia mzee: "Anasema na yeye pia."

"Na yeye anauza mbuzi?" mzee akashangaa. "Amewatoa wapi?"

"Sijui, baba."

Waliagana vizuri, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, na mbuzi amesimama katikati yao anatafuna majani ya uzio wa jikoni. Mpishi ndiye aliyekuja kunisuta jioni: "Kabula, hiyo lugha ulisomea wapi, ndotoni?"

Kwa hiyo mkiambiwa kwamba toni ni mapambo ya lugha, mkumbukeni yule mbuzi. Toni ni sauti kupanda, kushuka, kuzama au kukaa sawa, na kwa Mchina ni sehemu ya neno kama zilivyo *b* na *p*. Ukiikosea hujasema neno lile kwa lafudhi mbaya. Umesema neno jingine.

Sasa mtaambiwa pia jambo la pili, nalo ndilo lililonipa kazi. Mtaambiwa: ninyi Wasukuma mna bahati, Kisukuma kina toni, mtakipata Kichina haraka kuliko mtu wa Pwani aliyezaliwa na Kiswahili peke yake. Niliwasikia wasomi wakilisema hilo kwa uhakika wa mtu anayesema jua linachomoza mashariki. Nikauliza tunajuaje. Mtu aliyesikia swali langu ni Mwalimu Shen, mama wa Kichina aliyekuja Simiyu kuchunguza jambo hilohilo. Aliongea Kiswahili cha vitabu, alifunga nywele kwa penseli, na alipenda michembe, yale machipsi ya viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka mifuko ya koti lake ilikuwa ikitoa unga.

"Hatujui," alinijibu. "Ndiyo maana nahitaji msaidizi. Wewe unaonekana mtu wa kubisha. Utanifaa."

Akaniita Bi Tunajuaje. Jina hilo lilinikaa kuliko cheti.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tunakwenda kijijini, tunamvalisha mtu hedifoni, tunamsikilizisha maneno mawili ya Kichina yanayotofautiana kwa toni tu, tunamuuliza: sawa au tofauti? Basi. Nilidhani tutamaliza kijiji cha kwanza, Nkoma, kabla ya watu kuanza kuchuma pamba.

Hapo ndipo nilipokutana na bibi Ng'wasi. Mjue jambo moja kabla sijaendelea, maana litatusumbua mbele. Kwa Kisukuma mama mzazi ni *mayu*. Bibi ndiye *maama*. Kwa hiyo bibi Ng'wasi sikumwita bibi, nilimwita *maama*, kama adabu inavyotaka kwa mwanamke wa umri wake. Alikuwa mjane mwenye shamba la pamba, ng'ombe wachache na mwanawe mmoja tu, Luhende, aliyekwenda China kusomea umeme, akapata kazi, akaoa hukohuko.

Tulimvalisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa. Nikapiga maneno mawili ya kwanza.

"Sawa au tofauti, maama?"

"Sawa."

Mengine mawili, moja linapanda, jingine linaanguka kama jiwe.

"Sawa."

Akasema sawa kwa kila kitu. Tulipomaliza nilimuuliza kwa nini, akanitazama kama mtoto asiye na malezi. "Huyu mgeni ametoka mbali, ameleta vitu vyake viwili, ananiuliza kama vinalingana. Nimwambie kimoja ni kibaya?"

Nilipomtafsiria Mwalimu Shen alicheka hadi penseli ikadondoka. Lakini baadaye, tukiwa tunafungasha, alisema, "Tumemuuliza adabu, hatukumuuliza sikio." Toka siku ile hatukuuliza tena sawa au tofauti kwa mdomo. Tuliweka vikombe viwili mezani na punje za karanga: ukisikia hivi weka punje huku, ukisikia vile weka kule. Watu wakawa wanasikia vizuri ghafla. Likumbukeni hilo, ninyi mtakaofanya utafiti. Mtu wa kwetu akikuambia ndiyo, jiulize kwanza amemjibu nani, swali au mgeni.

Makosa mengine yalikuwa ya vyombo. Tulirekodi karibu na stesheni ya Malampaka kwa sababu mwenyeji wetu alikuwa na chumba kizuri chenye pazia nene. Mwanamke mmoja akawa anasema neno letu la mwisho kwa utulivu wa ajabu, treni ikapiga honi, ndefu, inapanda. Mwalimu alisikiliza rekodi, akafunga kompyuta. "Toni nzuri sana," alisema. "Bahati mbaya aliyeitoa haongei Kichina wala Kisukuma."

Lakini nilichokusudia kuwaeleza ni ufundi mmoja, ambao ukiuelewa utaelewa mengine yote. Mwalimu Shen hakukubali kurekodi neno la Kisukuma likiwa peke yake. Alilitaka kati ya maneno mengine: sema *nimeona* hili, sema *njoo na* hili. Nilibisha, bila shaka. Neno ni neno. Akanisikilizisha sauti za wazee wa Nkoma tena na tena, neno moja likiwa limetanguliwa na maneno mbalimbali, na kila mara wimbo wake ulikuwa tofauti. Nikadhani wazee wanatutania.

"Hapana," alisema. "Sikiliza vizuri. Sauti ya juu ya lugha yako haikai pale ilipozaliwa. Inazaliwa kwenye silabi hii, halafu inatembea mbele, inasikika kwenye silabi nyingine. Mara nyingine inavuka mpaka, inasikika kwenye neno la jirani."

"Inatoka kwake ikalale kwa jirani?"

"Ndiyo. Na neno likiwa peke yake halina jirani. Unalinyima pa kulala."

Nimezaliwa na Kisukuma, nimelelewa nacho, nimegombana nacho, na sikuwa nimewahi kulijua hilo. Ndimi hujua mengi ambayo hazijamwambia mwenyewe. Na toni ya Kichina, ingawa nayo ina visa vyake, kwa kawaida hukaa kwake. Silabi yenye toni ya juu, toni iko hapohapo, haitembei. Mkiweza kushika hizo tabia mbili, ya anayetembea na ya anayekaa, mmeshika nusu ya taabu yenu. Sikubali wala sikatai kwamba Msukuma hujifunza Kichina haraka. Ninachosema ni kwamba anakuja darasani na toni yenye miguu, na hakuna aliyemwambia aifunge.

Hayo yote niliyaona kama mambo ya darasani mpaka kazi ilipokwisha, nikafungua duka, na simu ya Luhende, aliyepewa namba yangu na mama yake, ikanikuta nimeshika cheni ya pikipiki.

Mke wake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, haruhusiwi kuinua hata ndoo. Yeye zamu zake za kazi haziachi nafasi. Kwa hiyo alikuwa amemleta binti yao wa miaka minne kwa bibi yake Nkoma, akakaa naye siku ambazo mwajiri wake alimruhusu, akaondoka. Mtoto aliitwa Feifei. Hakuwa na Kiswahili wala Kisukuma.

"Tangu niondoke haongei, dada Kabula," alisema Luhende. "Anakula kidogo sana. Mayu akimwita hageuki. Nimemwambia mke wangu kwamba pamba ikiisha kuchumwa, kama bado yuko vile, namfuata. Kuna shule ya bweni ya watoto wadogo huku."

"Bweni, miaka minne?"

"Nifanyeje?"

Nilifunga duka nikawasha pikipiki. Nkoma nilimkuta bibi Ng'wasi amekaa kwenye kigoda, na mbele yake, kwenye mkeka, mtoto mwenye nywele zilizosokotwa vizuri, amegeukia ukuta.

"Mwadila, maama."

"Mwadila, Kabula. Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu. Nilijibu mimi, lakini uso wa bibi haukuwa wa salama.

"Luhende amekwambia?"

"Ameniambia."

"Akimchukua sasa, hatarudi naye tena. Atasema bibi yake alishindwa. Huyo mtoto atakua akijua kwamba Nkoma ni mahali aliponyamaza." Akamgeukia. "Feifei!"

Mtoto akainamisha kichwa zaidi, akanong'ona kitu ukutani. Nilisogea, nikamwomba kwa Kichina arudie. Alinitazama kwa mshangao, kama aliyesikia kuku anaongea. Akarudia kwa hasira kidogo: "Mimi si mnono."

Nilikaa chini. Jina lake sauti yake iko juu mwanzoni, imenyooka, halafu *fei* ya pili ni nyepesi, inashuka tu bila kazi. Bibi alikuwa akilisema kwa kulipandisha, sauti ya juu ikifikia mwishoni. Kichina kina *fei* inayopanda, nayo maana yake ni mnono, mwenye mafuta, kama wanavyosema kuhusu nyama.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

"Anasema unamwita mnono."

Alimtazama mtoto kuanzia juu hadi chini. "Kwani ni tusi? Ningekuwa namsifia ng'ombe, angefurahi."

"Yeye si ng'ombe, maama."

"Wala si mnono. Angalia mikono yake hiyo." Akacheka, halafu kicheko kikamwisha. "Basi siku zote hizi namtania mtoto wa watu bila kujua."

Nilifanya lile ambalo kila mwalimu angefanya. Nilimfundisha kuvuma jina, mdomo umefungwa, wimbo bila maneno: juu, kisha chini laini. Ni mbinu nzuri, itumieni. Vumeni sentensi kabla ya kuisema; pua haidanganyi sana kama ulimi. Bibi alivuma vizuri kuliko wanafunzi wenzangu wote wa chuo. Alipofungua mdomo, sauti ilitoka nyumbani kwake ikaenda mbele kama kawaida yake. Feifei mnono. Tulijaribu mpaka tukachoka, na mtoto akawa anatutazama watu wazima wawili tunaovuma kama nyuki, na nadhani ni siku ile alipoanza kutuona kuwa watu wa kuchekesha, si wa kutisha.

Ningeweza kukaa pale niongee naye Kichina mimi. Nilifanya hivyo siku za kwanza, na alinifuata kama mkia. Bibi hakunizuia. Alisema tu, wakati nawasha pikipiki na mtoto analia akinishika suruali, "Ukiondoka na Kichina chako, mimi nabaki na nini?" Toka hapo nikawa nakuja na kuongea kidogo.

Siku moja tulikuwa tunabangua karanga karibu na zizi. Ng'ombe mmoja alikuwa amezaa, na ng'ombe aliyezaa hataki mgeni. Feifei akaona ndama, akainuka, akaanza kwenda. Mimi nilikuwa na karanga mapajani, sikumwona. Bibi alimwona.

"*Nzugu*, Feifei!"

*Nzugu* ni njoo. Mtoto akasimama. Akageuka mzima mzima, akarudi mbio, akajitupa kwenye khanga ya bibi yake.

Mimi nilibaki nimeshika ganda. Jina lilikuwa limetoka sawasawa. Sauti ya juu, ikatua kwenye *fei* ya kwanza, ya pili ikashuka. Bibi hakuwa amefunga miguu ya toni yake. Alikuwa ameipa mahali pa kutokea, ikatembea kama inavyotembea siku zote, na safari hii jirani iliyemkuta alikuwa *fei* wa kwanza.

"Rudia hivyo hivyo, maama."

"Nirudie nini? Nimeogopa tu."

"Nzugu, na jina lake. Usiliache jina peke yake."

Sasa, mnanijua. Mara moja si ushahidi. Labda mtoto aligeuka kwa sababu ya ule ukali. Labda aliogopa ng'ombe mwenyewe. Kwa hiyo tulimfanyia mchezo. Bibi alijificha nyuma ya ghala, akaita jina peke yake, kwa upole. Feifei akaendelea kubangua. Akaita na *nzugu* mbele, kwa upole uleule. Akainua kichwa, akatafuta, akacheka alipomwona. Tukabadilisha, tukachanganya, tukarudia siku nyingine. Mara nyingi ilikuwa vile. Baada ya muda haikuwa vile tena, kwa sababu mtoto alishajifunza kuitika kwa namna zote mbili, na utafiti wangu ukaharibika kwa furaha. Mwalimu Shen angesema, aliyepimwa amempenda mpimaji, tupa hayo majibu.

Akaanza kula. Michembe na karanga kwanza, kisha ugali na maziwa mgando, ambayo aliyakunjia uso na kuyamaliza. Lakini hakuongea na bibi yake. Aliitika, alifuata, alishika khanga. Kuongea, hapana. Na jioni, kuku wakiingia bandani, alikuwa akikaa mlangoni na kuita: *mama, mama*. Kwa Kichina mama ni mama, kama Kiswahili, ila ya kwanza iko juu na ya pili inalegea.

Na bibi Ng'wasi, kila alipoita, alikuwa akitoka jikoni akifuta mikono na kusema, "Nipo, mjukuu wangu. Nipo."

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Mimi ni mtu wa kuuliza. Je, bibi anadhani anaitwa yeye, kwa Kisukuma? Nimwambie? Na nikimwambia, ninamsaidia nani? Mwishowe nilishindwa kunyamaza.

"Maama, yule anamwita mama yake. Kwa Kichina."

Alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua macho. "Najua."

"Unajua?"

"Mimi si mjinga, Kabula. Mtoto akilia akitazama njia, haniiti mimi niliye jikoni." Akatupa jani bovu. "Lakini akiita na hakuna anayeitika, ataacha kuita. Tena ameshaanza kuacha, ulimkuta anaongea na ukuta. Mimi naitika kwa niaba."

Nilivuta fungu la mlenda nikaanza kuchambua naye.

Ziara iliyofuata nilimsalimu bibi kama kawaida, "Mwadila, maama," nikakaa. Feifei akanivuta mkono, akaniambia kwa Kichina, kwa subira ya mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi mzito: "Yule si mama."

"Amesemaje?" bibi akauliza. Daima aliuliza.

Ningeweza kusema lolote. "Amesema wewe si mama."

"Mwambie kweli kabisa. Mama yake yuko China, mgongo unapona. Mimi ni maama."

Nilijaribu kulitafsiri hilo. Jaribuni na ninyi. Nilimwambia kwa Kichina: yule ni bibi yako, na kwa lugha ya hapa bibi anaitwa hivi. Nikasema *maama* kama tunavyoita Nkoma, inaanzia chini, inavutwa, inapanda mwishoni. Feifei akafikiri. Akarudia kwa midomo bila sauti. Halafu akaenda kucheza na magunzi ya mahindi na nikadhani limeishia hapo.

Pamba ikachumwa. Nyumba za Nkoma zikajaa marundo meupe mpaka watu wakalala pembeni. Luhende akapiga simu ya video mchana, na nilikuwepo kwa sababu bibi aliniomba niwepo. Tuliegemeza simu kwenye debe, nje, kivulini. Alikuwa hospitali, kando ya kitanda cha mke wake. Mke alikuwa amekaa sasa, mto mgongoni.

"Mayu," alisema Luhende baada ya salamu, na nilisikia kwa sauti yake kwamba alishaamua, "nimetafuta nafasi ya ndege. Nadhani ni vizuri nimfuate. Si kwamba umeshindwa. Ila mtoto haongei."

Bibi alishika ukingo wa khanga yake akaanza kuukunja, anaukunja, anaukunjua.

Feifei akaja mbio kutoka nyuma ya ghala aliposikia sauti ya baba yake. Akaona uso wa mama yake kwenye kioo. "*Mama!*" akasema, juu, halafu laini, kama mtu anayeweka kikombe mezani taratibu. Mama yake akafunika mdomo kwa mkono. Mtoto akaanza kumwaga maneno: kuna ndama, ng'ombe mkubwa ni mkali, kuna maziwa machungu ila ni mazuri, mimi nabangua karanga. Kichina kitupu, mimi na Luhende tunacheka, bibi hajui tunacheka nini.

Kisha mtoto akaacha kuongea. Akaangalia kwenye ile picha ndogo ya pembeni ya kioo inayoonyesha upande wetu, akaona anaonekana yeye peke yake. Akageuka nyuma, akanyoosha mkono.

"Nzugu, maama!"

Inaanzia chini, inavutwa, inapanda mwishoni. Aliita kwa sauti ileile ambayo mimi nilikuwa nikimwitia bibi yake kila nilipoingia ua ule. Bibi hakusogea. Mtoto akadhani hajasikia, akarudia, kwa ukali wa mwenye nyumba: "Nzugu, maama!" Akamvuta khanga mpaka uso wa bibi ukaingia kwenye picha. Halafu akamwelekeza kwa kidole yule wa kitandani, akasema *mama*, ya juu; akamwelekeza wa kando yake, akasema *maama*, ya chini inayopanda. Alikuwa anawatambulisha.

Mke wa Luhende ndiye aliyeongea kwanza, kwa Kichina, taratibu, na Luhende akatafsiri.

"Anasema... anasema Feifei akae. Mpaka mgongo upone. Kama mayu hujachoka."

"Nimechoka na nini?" alisema bibi Ng'wasi. "Mwambie apone vizuri. Asiharakishe."

Simu ilipokatika mtoto alikwenda kuangalia ndama, kwa mbali, kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa nimekaa vilevile. Mkono wangu ulikuwa umeingia mfukoni wenyewe kutafuta kinasa sauti, ambacho sina tena. Nilikuta plagi mbili za pikipiki na tambara.

Bibi akajifuta macho kwa khanga, akanitazama kwa ujanja ambao sikuwa nimeuona tangu ile siku ya hedifoni.

"Haya, mtaalamu. Umeyasikia yote mawili, lake la China na lile langu."

"Nimeyasikia, maama."

"Sawa au tofauti?"

"Tofauti."

"Usinijibu kwa adabu."

"Sijibu kwa adabu, maama. Ni tofauti kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akainuka kwenda kuweka chungu jikoni.